Sura ya Sita: Shisha na Maji ya Kisima

Likoni kuna maji ya aina tatu, na mtoto wa huko huyajua kwa ulimi kabla hajaanza shule. Kuna ya mfereji, yanayotoka chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba na visima virefu vya Tiwi. Kuna ya mvua, yanayokingwa kwa mapipa chini ya mabati wakati wa masika. Na kuna ya kisima, yasiyo na msimu wala bili: mtu hutupa ndoo, akavuta, akaenda zake. Kisauni mambo ni yayo hayo, ila mfereji wake hutegemea Baricho, kando ya mto Sabaki. Changamwe husubiri bomba la Mzima, linalobeba maji kutoka Tsavo mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Siku mfereji ukikauka, na hukauka sana, wote hurudi kisimani.

Visima hivi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe ya kale. Maji yake yamejaa chokaa, na kadiri kisima kinavyosogelea bahari ndivyo chumvi inavyozidi, hasa pale pampu zinapovuta kuliko mvua inavyorudisha. Sabuni hukataa kutoa povu. Birika hujenga ukoko mweupe tumboni. Ndiyo maana kila nyumba hugawa kazi: maji ya kisima ni ya kufulia, ya choo na ya sakafu, maji matamu, ya mfereji au ya mtungi wa lita 20 ulioletwa na mkokoteni, ni ya chai na wali.

Shisha huwekwa fungu la kwanza, pamoja na ndala na matambara ya kudekia. Huoshwa kwa maji ya kisima, husuuzwa kwa maji ya kisima, na huachwa ikauke yenyewe. Makosa huanzia hapo. Wenye vyombo hivi hulaumu lami ya tumbaku, hulaumu sharubati ya ladha, hulaumu Wachina waliotengeneza chuma chepesi, ilhali kinachokula chombo ni chumvi iliyobaki baada ya kuoshwa kwake. Mtu anayeosha kila siku kwa maji ya kisima anaweza kukiua chombo upesi kuliko yule mvivu anayeosha mara moja kwa wiki kwa maji matamu.

Sababu yake inapimika. Chumvi ya kawaida ina kizingiti: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, punje yake huanza kunyonya maji kutoka hewani hadi iyeyuke na kuwa tone. Chini ya hapo hukaa kavu, nyeupe, kama haina neno. Hewa ya Mombasa huvuka kizingiti hicho karibu kila usiku, na wakati wa masika hukivuka hata mchana. Kwa hiyo chombo kilichooshwa kwa maji ya kisima na kukaushwa vizuri juani alasiri huwa kikavu mpaka magharibi tu. Usiku ule ule, ndani ya kabati, chumvi iliyoganda kwenye kona zake hujiloweka upya. Asubuhi hukauka tena. Kutu haihitaji zaidi ya mzunguko huo.

Hata mwenye chumvi ya kupikia anajua jambo hili bila kuambiwa: kopo la chumvi la Mombasa hugandamana mwezi wa tano, na wengine hutia punje za mchele ndani yake.

Kabla ya kuingia kwenye ndoo, inafaa kukipanga chombo chenyewe mezani. Wauzaji wa siku hizi husema kichwa, stendi, chupa na paipu. Wazee wa pwani walikuwa na majina yao, kwa sababu kuvuta tumbaku kupitia majini hakukuletwa na vilabu vya usiku. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu baadaye, alipochapisha kitabu chake cha lugha ya Unguja mwaka 1870, alikuta kiko cha maji kikiwa chombo cha kawaida na kila sehemu yake ikiwa na jina: bori, kile kichwa cha udongo kinachowekwa tumbaku na kaa la moto, digali, mti unaoshuka kutoka kwenye bori hadi majini, kiko chenyewe, chombo chenye maji, na shilamu, bomba la kuelekea mdomoni. Hata mlio wa maji yakibubujika ulikuwa na jina lake, malio. Mpangilio haujabadilika. Digali ya mti imekuwa ya chuma na chombo cha maji kimekuwa cha kioo. Shilamu imerefuka ikawa mpira. Sura hii itatumia majina ya wazee kwa kuwa ni mafupi na hayachanganyi, isipokuwa chombo cha maji, ambacho itakiita chupa.

Kuna neno la sheria pia, na halikwepeki. Mwisho wa Disemba 2017 Waziri wa Afya wa Kenya, Cleopa Mailu, alipiga marufuku shisha: kuivuta, kuiingiza nchini, kuitengeneza, kuiuza na kuitangaza. Mwezi huo huo Rwanda nayo ilikuwa imepiga marufuku. Tanzania ilitangulia mwaka 2016, na Uganda iliifungia kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015. Mahakama Kuu ya Kenya iliithibitisha marufuku mwaka 2018, lakini ikaitaka wizara irekebishe utaratibu wa kanuni zake. Januari 2024 mahakama ya Shanzu, huko huko upande wa kaskazini wa Mombasa, iliwaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa shisha, hakimu akisema kanuni hizo hazikupelekwa Bungeni inavyotakiwa. Serikali ikashikilia kuwa marufuku ingalipo. Mwenye chombo nyumbani anafaa kuijua hali hiyo kabla ya kukitoa barazani. Vingi, hata hivyo, havitolewi. Ni vya urembo wa sebule, zawadi ya ndugu aliyefanya kazi Dubai au Muscat, au shaba ya babu ambayo hakuna mwenye ujasiri wa kuiuza. Navyo huoza vile vile, pengine zaidi, kwa kuwa hakuna anayevigusa.

Kazi ya kuosha huanza kwa kuvunjavunja. Kila kinachofunguka kifunguliwe: bori, sinia ya majivu, shilamu, digali, na zile wosha za mpira zinazoziba viungo. Wosha ndiyo husahaulika. Inakaa palepale, imebana, nayo hushikilia utepe wa maji kati yake na chuma. Maji yaliyobanwa hivyo hukosa hewa mpya, na chumvi ikiwa ndani yake hutoboa hata chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu. Stenlesi nyingi za shisha, zikiwa ni stenlesi kweli, ni daraja la 304, linalofaa masufuria. Vyuma vya mashua hufanywa kwa daraja la 316 kwa sababu ya bahari. Mnunuzi anaweza kujipimia dukani kwa sumaku ndogo. Sumaku ikinata kwa nguvu kwenye digali, kile mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, na siku kromu itakapokwaruzwa, safari yake imekwisha. Isiponata, huenda ni stenlesi, au shaba, au alumini.

Ubavuni mwa digali kuna kitundu chenye kifuniko cha kuzungusha, na ndani yake goroli moja. Mvutaji akipuliza, goroli hunyanyuka na moshi mzito hutoka. Sharubati ikifika hapo, goroli hunata. Kifuniko hicho hufunguliwa juu ya bakuli, kamwe si juu ya shimo la maji machafu. Shisha nyingi za Kisauni zimebaki na kidole cha mtu kikiziba kitundu kwa sababu goroli ilikwenda na maji. Fundi wa baiskeli atatoa nyingine inayoenea, ila goroli ya beringi ni chuma kinachoshika kutu, na kutu yake huambukiza kiti ilichokalia.

Sasa ndoo. Uchafu wa shisha ni wa namna tatu, na kila mmoja una dawa yake. Wa kwanza ni sharubati. Tumbaku ya shisha huchanganywa na molasi au asali na gliserini, vitu vinavyoyeyuka majini bila ugomvi. Maji ya uvuguvugu yanatosha. Wa pili ni lami ya moshi, kahawia na yenye harufu, inayoganda ndani ya digali. Hii hulegezwa kwa kuloweka katika maji ya moto yenye magadi ya kuokea, kisha brashi ndefu ipite mpaka itoke nyeupe. Wa tatu ni ukoko wa chokaa, ule mviringo mweupe unaojichora kwenye kioo pale usawa wa maji ulipofika. Sabuni haiuwezi. Unataka tindikali kidogo: ndimu au siki. Ndimu mbili zikikamuliwa ndani ya chupa pamoja na maji kidogo na konzi ya mchele mbichi, kisha chupa ikatikiswa kwa kuzungushwa, mchele hufika kwenye pembe ambazo brashi haifiki.

Digali ya chuma huonyesha usawa huo wa maji kwa njia ya kutisha zaidi. Ukiishika ncha yake na kuielekeza dirishani, utaona mstari wa kutu uliokaa sawasawa kwenye kimo cha maji, juu yake pakiwa pasafi na chini yake pakiwa na nafuu. Ni mstari ambao maji na hewa hukutana kila siku. Hapo ndipo kidole kipite, na hapo ndipo kitambaa kianzie.

Onyo moja halina mjadala. Mwenye haraka huchukua jiki. Jiki juu ya siki au ndimu hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu, na bafu la nyumba ya kupanga halina dirisha la kutosha. Hata ikitumiwa peke yake, jiki hula stenlesi na shaba. Iachiwe nguo nyeupe. Na chupa iliyokuwa na barafu usiku isimiminiwe maji yanayochemka asubuhi. Kioo cha kawaida hupasuka kwa tofauti hiyo ya joto, mara nyingi kwa mlio mmoja mkavu na ufa unaoizunguka shingo.

Bori la udongo linahitaji subira yake. Kama halikupakwa gilezi, udongo wake una vinyweleo, na vinyweleo hivyo hunywa kila kitu: sharubati, sabuni na maji ya chumvi. Lisioshwe kwa sabuni ya harufu, kwa maana harufu hiyo itarudi na moto. Likiloweshwa kwa maji ya kisima na kuachwa likauke, chumvi husafiri na maji hadi usoni, maji yakaondoka, fuwele zikabaki na kukua ndani ya vinyweleo. Fuwele zikikua husukuma. Udongo huanza kubanduka magamba membamba, na mwenye bori hudhani kuwa aliuziwa bovu.

Hili Mombasa ilijifunza kwa gharama kubwa, na si kwa shisha. Mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira Ngome ya Yesu, meli ya kivita ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome hiyo. Ilikaa chini ya maji karibu miaka 280. Kati ya 1977 na 1980 wataalamu wa akiolojia ya baharini, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walizamia na kutoa maelfu ya vitu, miongoni mwake vyombo vya udongo. Kitu kilichotoka baharini hakikaushwi moja kwa moja. Kinalowekwa kwenye maji matamu, maji yakabadilishwa, yakabadilishwa tena, mpaka chumvi itoke ndani ya mwili wake, na hapo tu ndipo kinaruhusiwa kukauka taratibu. Kikikaushwa na chumvi yake, hukatika vipande mbele ya macho ya mhifadhi. Mtungi ulioishi karne tatu chini ya bahari unaweza kumalizwa na alasiri moja ya jua.

Bori la shisha halina thamani hiyo, lakini udongo ni udongo. Njia ni ile ile kwa kiasi kidogo: lilowekwe usiku kucha katika kibakuli cha maji matamu, maji yamwagwe, mapya yatiwe kwa saa nyingine chache, kisha likaushwe kivulini.

Na hapo ndipo lilipo jibu la chombo kizima. Si lazima mtu aoshe shisha yote kwa maji ya mtungi. Hakuna nyumba ya Mishomoroni au Shika Adabu itakayokubali ubadhirifu huo. Maji ya kisima yafanye kazi nzito, ya kulegeza na kusugua. Suuzo la mwisho peke yake ndilo liwe la maji matamu. Vikombe vitatu vinne vinatosha: kimoja ndani ya chupa, kimoja kupitia digali kutoka juu, kimoja kwa shilamu ikiwa ni ya silikoni, na kinachobaki kwa wosha na vitu vidogo. Maji ya mvua ni mazuri kuliko yote kwa kazi hii, mradi yasiwe ya manyunyu ya kwanza yaliyolifua bati vumbi la miezi. Anayekinga pipa la masika anaweza kuweka chupa mbili kando kwa ajili hiyo.

Kisha kukausha, ambako watu hukuharakisha kupita kiasi au hukusahau kabisa.

Chupa ikipinduliwa juu ya meza na mdomo ukagusa kitambaa, mvuke hufungiwa ndani. Usiku kucha chupa itatoka jasho, na asubuhi kutakuwa na matone yale yale. Mdomo lazima uinuliwe hewa ipite. Kifaa bora cha kazi hii kiko nyuma ya kila duka: kreti ya plastiki ya soda. Shingo ya chupa huingia kwenye chumba kimoja cha kreti, tumbo likakaa juu, na chini kunabaki nafasi ya hewa. Digali hupitishwa kamba na kutundikwa wima kwenye kamba ya nguo, mdomo mpana chini. Vitu vidogo hutandazwa juu ya kitambaa, kila wosha mbali na mwenziwe.

Saa zina maana. Unyevu wa Mombasa hushuka kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo muda wa kukausha ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Kilichooshwa baada ya magharibi hakikauki. Hukaa kikingoja kesho. Kati ya Disemba na Machi kaskazi huvuma na kazi huisha upesi, hasa Januari na Februari, miezi mikavu ya mwaka. Kusi ikishaingia, kuanzia Aprili, hakuna cha kutegemea jua. Hapo panka hufaa kuliko ua: chombo kiwekwe mbele yake ndani ya chumba, madirisha yakiwa wazi mchana na kufungwa kabla ya jioni.

Upande wa nyumba nao una maana, na hapa Likoni na Bamburi hutofautiana na Changamwe. Anayeishi karibu na Shelly Beach au ufuo wa Bamburi akitundika digali upande unaotazama bahari, upepo wa kusi utamletea vumbi la chumvi kutoka kwenye mawimbi, na suuzo lote la maji matamu litakuwa kazi bure. Atundike nyuma ya nyumba. Changamwe haina shida ya mawimbi. Ina malori ya bandari kutwa kucha na vumbi linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Huko chombo hukaushwa chini ya leso nyepesi, iliyotandazwa bila kugusa.

Jua kali ni zuri kwa kioo na chuma. Kwa mpira si zuri. Wosha zilizoachwa juani hukakamaa, zikapasuka ukingoni, na shisha ikaanza kuvuta hewa kutoka pembeni. Mwenyewe atatafuta tatizo kwenye bori wiki nzima.

Shilamu ndiyo sehemu yenye hila. Zipo za aina mbili, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Mpira wa silikoni unaoshwa kama chombo chochote: maji ya uvuguvugu yapitishwe bila sabuni, kipini cha mbao kikiwa kimetolewa ili kisivimbe, kisha uzungushwe kwa nguvu nje ya mlango matone yaruke, na utundikwe katikati ya urefu wake, ncha zote mbili zikining'inia. Shilamu ya zamani, ile yenye nakshi za uzi na ngozi, ndani yake kuna waya uliosokotwa kama springi, umefunikwa kwa karatasi au kitambaa. Hiyo maji hayaingii. Yakiingia hayatoki, na waya hushika kutu mahali ambapo hakuna brashi wala macho. Husafishwa kwa kupulizwa tu, kupigwapigwa taratibu kwenye kiganja, na kutundikwa. Mtu asiye na hakika ya aina aliyonayo anaweza kuuinamisha mpira juu ya kitambaa cheupe na kuukunja mara kadhaa. Kukidondoka chembe za kahawia, waya umekwisha kuliwa, na mpira huo ni wa kutupwa, kwa sababu anayeuvuta anavuta kutu na kuvu pamoja na moshi.

Kuhusu moshi wenyewe, usafi usimdanganye mtu. Imani kwamba maji huuchuja ni ya zamani, na simulizi humpa sifa tabibu wa India wa zama za mfalme Akbar, aliyependekeza moshi upitishwe majini ili usidhuru. Maji huupoza tu. Ukipoa, mvutaji huvuta mwingi na kwa kina. Shirika la Afya Duniani, katika waraka wake wa mwaka 2005, lilieleza kuwa kikao cha saa moja kinaweza kumwingizia mtu moshi mara 100 hadi 200 ya ujazo wa sigara moja. Juu ya hapo kuna kaa la moto, ambalo hutoa kaboni monoksidi liwe la mti wa porini au la kifuu cha nazi. Kuosha na kukausha huondoa kuvu na uchafu wa jana, basi. Shilamu moja ikizunguka vinywa sita, kifua kikuu hakiulizi kama iliondoshwa lami asubuhi.

Majivu nayo yana ubaya ambao wengi hawaufikirii, kwa kuwa yanaonekana makavu. Majivu ya kaa la kifuu yana potasiamu nyingi na hunyonya unyevu. Yakilala usiku kwenye sinia ya alumini, hugeuka maji makali yanayoichimba vishimo vyeusi. Sinia imwagwe na kufutwa usiku ule ule, hata kama chupa itangoja asubuhi.

Shaba inataka sehemu yake. Katika nyumba za pwani zipo buruma za shaba na mabaki ya madaa za Yemen, viko vya maji vya zamani, vilivyosimama kwenye rafu pamoja na dele la kahawa. Dawa ya jadi ya kung'arisha shaba ni ukwaju, nao hufanya kazi kweli, kwa kuwa tindikali yake huyeyusha ile rangi nyeusi na kutu ya kijani. Kosa ni kuupaka ukwaju na kuuacha, au kuuchanganya na chumvi nyingi kisha kusuuza kwa maji ya kisima. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Chumvi na unyevu vikikaa, zinki huchuruzika kidogo kidogo, shaba nyekundu ikabaki. Madoa ya waridi kwenye buruma ya manjano si mng'aro. Ni mahali palipokwisha kuwa sponji, na kidole kikikazwa hapo siku moja kitatokea upande wa pili. Ukwaju upakwe, usuguliwe, uondolewe kwa maji matamu, na chombo kifutwe pale pale mpaka kitambaa kitoke kikavu. Kilichounganishwa kwa madini ya risasi zamani, na vya kale vingi vina madini hayo kwenye maungio, kibaki cha kutazamwa tu.

Shaba pia ina adui asiyetarajiwa: amonia. Jeshi la Uingereza huko India katika karne ya 19 lilihifadhi risasi zenye maganda ya shaba kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua, na maganda yakapasuka yenyewe bila kupigwa. Ilikuja kubainika katika miaka ya 1920 kuwa amonia ya mkojo wa farasi, ikishirikiana na unyevu, ndiyo iliyokuwa ikiyapasua. Nyumba ya Mtongwe haina farasi, lakini ina banda la kuku ukutani na dawa ya kusafishia vioo chini ya sinki. Buruma isikae jirani na kimojawapo.

Baada ya yote haya chombo kiwekwe, na kuweka kuna namna yake. Mfuko wa plastiki uliofungwa ni mbaya kuliko vumbi, kwa kuwa hufunga na unyevu ndani. Boksi la karatasi juu ya sakafu ya simenti hunyonya maji kutoka chini na kuota kuvu nyeusi. Rafu ya juu, mbali na ukuta wa bafu, ndiyo mahali. Digali isirudishwe ndani ya chupa na kukazwa. Kila kimoja kilale peke yake, mdomo wa chupa ukiwa umefunikwa kwa kitambaa tu, mende asiingie. Vile vipakiti vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya vinafaa kutumbukizwa chupani, ila navyo hushiba. Wakati wa masika vitolewe kila baada ya wiki mbili tatu na kukaushwa kwa joto la jiko, vikiwa vikavu virudishwe. Wosha na goroli hukaa kwenye kikopo chao, na kikopo kifungwe kwa uzi kwenye digali, kwa sababu katika kuhama nyumba, kutoka Magongo hadi Mikindani au popote pale, hivyo ndivyo vitu vinavyopotea kwanza.